Maji ya Sukari kwa Nyuki: Kuyapika, Kuyaweka na Kuyaacha

Leo nakusudia kuwaeleza juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kila nikipita vijijini, nalo ni maji ya sukari kwa ajili ya nyuki. Je, yanatengenezwaje? Yakibaki, yanawekwa wapi na kwa muda gani? Na je, ni halali kumpa nyuki sukari halafu ukauza asali? Maswali haya matatu tutayajibu yote, kwa hiyo naomba tuwe pamoja hadi mwisho.

Mzinga mtupu wa Chala

Kwanza ngoja niwaeleze habari iliyonifanya nichague somo hili. Miaka michache iliyopita, mwezi wa Julai, nilifika Chala, njia ya kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda. Ninyi mnaoishi Ufipa mnajua Julai ya huko ilivyo. Asubuhi baridi inauma, upepo unavuma kutwa nzima, ulezi umekwisha kuvunwa, majani yamekauka na moshi wa mioto unaonekana kila upande wa uwanda. Mama mmoja mfugaji alinipeleka kwenye mizinga yake minne ya viunzi vya juu. Mmoja ulikuwa mtupu kabisa. Nyuki walikuwa wamehama bila kuacha hata mmoja. Masega yalikuwa meupe, makavu, hayana asali, hayana majana.

Nikamwuliza, "Mama, ulivuna lini?" Akanijibu kwamba alivuna mwezi wa Juni, na mzinga ule aliuvuna wote, kila sega, kwa sababu mtoto alikuwa anahitaji ada na sare za shule. Kisha akaniuliza, "Bwana shamba, sukari ninayo ndani. Ningewapa, wangekaa?"

Sikumjibu upesi, maana jibu lake lina pande mbili. Ndiyo, pengine wangekaa. Lakini kilo zile za sukari zisingehitajika kama angewaachia nyuki masega mawili au matatu ya asali yao wenyewe. Basi, somo la leo lote limo ndani ya maneno hayo mawili. Maji ya sukari ni uji wa mgonjwa. Humsaidia aliyeishiwa nguvu mpaka asimame tena. Hakuna mtu anayefungia wanawe ghala la mahindi halafu akawalea kwa uji wa mgonjwa mwaka mzima.

Nyuki huona njaa lini?

Nyuki hula vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni mbochi, yaani ule utamu wa majimaji wanaoufyonza ndani ya maua, ambao ndio hugeuzwa kuwa asali. Cha pili ni chavua, yaani unga wa maua. Mbochi humpa nguvu ya kuruka na ya kupasha mzinga joto. Chavua huwajenga watoto, kama vile maharage na maziwa yanavyowajenga watoto wetu. Mkumbuke hapo kwamba maji ya sukari huchukua nafasi ya mbochi tu. Chavua hayana hata kidogo.

Katika uwanda wa Ufipa kuna vipindi viwili ambavyo mfugaji hana budi kuwa macho. Kipindi cha kwanza ni katikati ya masika, mwezi wa Januari na Februari, mvua inaponyesha siku baada ya siku. Maua yanaweza kuwapo, lakini nyuki hawezi kutoka, na mvua huosha mbochi katika maua. Kipindi cha pili ni baridi kavu ya Juni, Julai na Agosti, wakati alizeti imekwisha kuvunwa, kishonanguo kimekauka, na moto umepita katika majani. Kwenye miteremko yenye miombo, upande wa Ziwa Tanganyika na upande wa bonde la Ziwa Rukwa, miti mingi huanza kuchanua mwisho wa kiangazi kabla mvua za Novemba hazijakolea. Hapo ndipo raha ya nyuki hurudi. Lakini huku juu uwandani, ambako kwa sehemu kubwa ni majani matupu na miti ni michache, safari ya kufika kwenye maua huwa ndefu.

Tena nyuki wetu wa Afrika ana tabia yake. Nyuki wa Ulaya amezoea kufungiwa na baridi miezi kadhaa, kwa hiyo hujikusanya mzingani na kungoja, hata kama atafia humo. Nyuki wetu hangoji. Akiona ghala limekwisha na maua hakuna, hukusanya jamaa zake, malkia akiwemo, na kuhama kutafuta nchi nyingine. Ndiyo maana njaa kwetu haionekani kwa mizoga mingi ndani ya mzinga. Huonekana kwa mzinga mtupu.

Dalili za njaa mzingani

Usimpe nyuki sukari kwa kukisia. Chunguza kwanza. Inua kidogo upande wa nyuma wa mzinga kwa mkono. Ukiwa mwepesi kuliko ulivyouzoea, hiyo ni dalili ya kwanza. Jioni, ukiwa umevaa nguo za kujikinga na bomba la moshi likiwa tayari, fungua na utazame masega ya pembeni. Kama hakuna asali hata ile ya ukingoni juu ya majana, hiyo ni dalili ya pili. Kama majana yamepungua sana au yamekwisha kabisa, na madume wanafukuzwa mlangoni, hiyo ni dalili ya tatu. Na kama nyuki wanavamia vyombo vya sukari jikoni au wauza miwa njiani, jua kwamba porini hakuna kitu.

Kuna makundi mengine mawili yanayostahili kusaidiwa hata kama hakuna njaa kubwa. Moja ni kundi jipya lililoingia mzingani juzi na ambalo halina sega hata moja. Hilo hutumia chakula kingi kutengeneza nta. Jingine ni kundi dogo ulilolihamisha kutoka kwenye mti au paa la nyumba, ambalo limepoteza masega yake.

Sukari gani itumike?

Sukari inayofaa ni sukari ya kawaida ya miwa, na kadiri inavyokuwa nyeupe ndivyo inavyofaa zaidi. Watu wengi hushangaa hapo, kwa sababu wamesikia kwamba sukari yenye rangi ina virutubisho. Kwa binadamu ni sawa, lakini tumbo la nyuki ni tofauti. Ile rangi ya hudhurungi hutokana na mabaki ya molasi, nayo molasi ina chumvichumvi na vitu vingine ambavyo nyuki hawezi kuvisaga vizuri. Humfanya aharishe. Katika nchi ambazo nyuki hufungiwa na theluji miezi mingi asiweze kutoka kwenda haja, kosa hilo laweza kuua kundi zima. Kwetu nyuki hutoka kila siku, kwa hiyo madhara hupungua, lakini hayaishi. Kama dukani ipo sukari ya rangi tu, chagua ile iliyo nyepesi zaidi ya rangi. Molasi yenyewe na sukari guru usitumie kabisa.

Je, asali ya kununua? Hapana. Asali usiyojua imetoka mzinga gani yaweza kubeba mbegu za magonjwa ya majana, na mbegu za baadhi ya magonjwa hayo hukaa hai miaka mingi. Asali pekee inayofaa kumrudishia nyuki ni ile iliyotoka katika mzinga wako ambao una hakika ni mzima. Usitumie pia juisi, soda, wala makombo ya chai yenye maziwa.

Namna ya kupika

Sasa tuingie jikoni. Kuna maji ya sukari ya namna mbili, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni mepesi. Chukua kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji. Huna mizani? Hakuna neno. Tumia kikombe kile kile: kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji. Vipimo hivyo viwili havilingani sawasawa, lakini tofauti ni ndogo na nyuki hatakulaumu. Maji haya hufanana na mbochi mnono, nayo huwatia nyuki moyo wa kujenga masega na kumfanya malkia atage. Yafaa kwa kundi jipya na kundi dogo. Kilo moja na lita moja zitakupa kama lita moja na nusu hivi, pengine zaidi kidogo.

Ya pili ni mazito. Chukua kilo mbili za sukari kwa lita moja ya maji, au vikombe viwili kwa kimoja. Haya nyuki huyaweka ghalani upesi kwa sababu hana maji mengi ya kuyakausha. Yafaa kwa kundi kubwa lililoishiwa akiba mwezi wa Juni au Julai. Utapata kama lita mbili na robo.

Hatua za kupika ni hizi:

1. Osha sufuria na mwiko mpaka visibaki na mafuta, chumvi wala harufu ya vitunguu.
2. Chemsha maji peke yake, bila sukari.
3. Yakichemka, epua sufuria motoni kabisa na kuiweka chini.
4. Mimina sukari kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka chembe zote ziyeyuke na maji yawe maangavu.
5. Funika kwa kitambaa safi na uache yapoe mpaka yawe vuguvugu kama maji ya kumwogesha mtoto. Usiwape nyuki yakiwa ya moto.

Angalieni hatua ya tatu. Kwa nini nasema epua? Kwa sababu sukari ikichemka muda mrefu, na hasa ikiungua chini ya sufuria, hutoa vitu ambavyo ni sumu kwa nyuki ingawa sisi huvila katika peremende bila kudhurika. Kama umeunguza, usione uchungu wa hasara. Mwaga mbali na manzuki, uanze upya. Wako pia wanaoshauri kutia limau au siki ili maji yasigande. Nawaomba msifanye hivyo. Uchachu ukikutana na joto huongeza sumu ile ile ninayoisema. Nyuki mwenyewe anayo mate ya kuvunjavunja sukari, hahitaji limau yetu.

Namna ya kuyaweka

Watu wengi hupika vizuri halafu wakaharibu kwa kuweka vibaya. Akina mama wanaopika pombe ya ulezi watanielewa upesi kuliko wengine. Hewani, katika vyombo na hata juu ya nyuki wenyewe kuna chachu isiyoonekana kwa macho. Chachu ikipata utamu na maji ya kutosha, huumuka. Asali haiumuki kwa urahisi kwa sababu maji yake ni machache, nyuki wameyakausha mpaka yakabaki chini ya sehemu moja katika tano. Lakini maji mepesi ya sukari ni nusu maji, kwa hiyo chachu huishi humo kwa furaha. Yale mazito yana theluthi moja tu ya maji, ndiyo maana hudumu zaidi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: pika kidogo kidogo. Mepesi pika ya siku mbili au tatu tu. Mazito yanaweza kukaa wiki moja, na katika baridi ya Ufipa hata mbili, kama chombo ni safi na kimefungwa vizuri. Mwenye jokofu anaweza kuongeza siku, lakini asiache kunusa kabla ya kutumia.

Kanuni ya pili ni chombo. Tumia chupa ya kioo au kidumu kilichokuwa na maji ya kunywa au mafuta ya kula, kikaoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa juani. Kiwekwe mahali penye kivuli na ubaridi, mbali na sisimizi. Kamwe usitumie chombo kilichowahi kutiwa dawa ya mimea au ya kuogeshea ng'ombe, hata kikioshwa mara kumi. Dawa ile iliundwa iue wadudu, na nyuki naye ni mdudu. Kiasi kidogo kilichojificha kwenye nyuzi za kizibo kinatosha.

Kanuni ya tatu: usichanganye ya zamani na mapya. Mpika pombe akitaka pombe yake iumuke upesi, hutia machicha ya ile ya jana. Nawe ukimimina maji mapya juu ya mabaki ya wiki iliyopita umefanya vivyo hivyo. Maliza, osha, kausha, ndipo ujaze.

Dalili za maji yaliyoharibika ni mapovu madogo yanayopanda, harufu ya pombe au siki, ukungu mweusi au mweupe juu, na utelezi kama ute ndani ya chombo. Ukiona moja tu, mwaga. Nyuki akinywa huharisha na kundi hudhoofika. Lakini ukiona chembe za sukari zimeganda chini ya maji mazito asubuhi ya baridi, hayo hayajaharibika. Weka chupa ndani ya maji ya moto, tikisa, yatarudi.

Namna ya kuwalisha, na kosa langu mwenyewe

Hapa nitaungama kosa. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, nilipewa manzuki ndogo ya kutunza. Kundi moja lilikuwa na njaa. Mimi, kwa huruma na haraka ya ujana, nikajaza beseni maji ya sukari na kuliweka katikati ya mizinga saa sita mchana, nikidhani kila nyuki atapata haki yake. Baada ya nusu saa beseni lilikuwa jeusi kwa nyuki. Mamia walizama. Waliobaki, wakiisha kuonja utamu ule wa bure, waliingia wazimu wa kuibiana. Makundi yenye nguvu yalivamia lile kundi dhaifu niliyetaka kulisaidia, yakapigana nalo mlangoni na kulinyang'anya hata kidogo lililokuwa nacho. Mbuzi wa jirani aliyefungwa karibu aliumwa mpaka tukamkata kamba. Jioni kundi langu dhaifu lilikuwa limekwisha. Sukari niliyoitoa kuliokoa ndiyo iliyoliua.

Tangu siku ile nafuata masharti haya, nami nawapa ninyi:

Lisha jioni, kuanzia saa kumi na mbili, nyuki wanapokuwa wamerudi. Usiku kucha watayanywa, na asubuhi msisimko umepungua. Lisha ndani ya mzinga, usilishe uwanjani. Usimwage hata tone nje, na likimwagika, lioshe kwa maji. Punguza mlango wa mzinga dhaifu kwa kijiti au kipande cha nta, ubaki upenyo ambao walinzi wachache wanaweza kuulinda. Kama una mizinga kadhaa yenye njaa, ilishe yote jioni moja.

Chombo cha kulishia hakihitaji fedha. Katika mzinga wa viunzi, weka sahani isiyo na kina nyuma ya sega la mwisho, utie maji ya sukari, halafu tandaza juu yake vijiti vikavu au mabua mafupi ili nyuki wasimame bila kuzama. Namna nyingine ni chupa yenye kifuniko cha bati. Toboa kifuniko matundu matano au sita kwa msumari mdogo kabisa, jaza, funga, pindua chini juu ukiwa mbali na mzinga. Matone machache yatadondoka halafu yatakoma, kwa sababu hewa ya nje huyasukuma maji yasitoke. Ndipo uisimamishe juu ya vijiti viwili ndani ya mzinga, nyuki wafyonze kwa chini. Kama yanaendelea kuchuruzika, matundu ni makubwa au chupa haikujaa.

Kiasi gani? Mimi huanza na nusu lita. Kesho yake jioni natazama. Kama yamekwisha, naongeza nusu lita nyingine. Kama yamebaki, naondoa mabaki, naosha chombo, na safari ijayo napunguza. Msisahau sisimizi na siafu. Nyaya za kuning'inizia mzinga zipakwe grisi, au miguu ya kichanja isimame katika makopo yenye oili chafu, na majani yanayogusa mzinga yafyekwe.

Hata ndege wana masharti yao

Wengine wameniuliza kuhusu ndege chozi, wale wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda, ambao huonekana wakifyonza maua ya mishubiri. Je, nao wapewe? Huko Marekani wako ndege wadogo sana waitwao hummingbird, ambao huku Afrika hatunao, na watu hutundika chupa za maji ya sukari nje ya madirisha ili waje kunywa. Kipimo chao ni chepesi kuliko chetu, kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji. Lakini sikilizeni masharti yao: wasitie asali, wasitie rangi, wasitumie sukari ya hudhurungi, na chupa ioshwe na maji yabadilishwe kila baada ya siku chache, upesi zaidi siku za joto. Mnaona? Ndege au nyuki, utamu uliooza ni sumu. Kwa chozi wetu ushauri wangu ni mfupi: pandeni maua na muache mishubiri ukingoni mwa shamba. Itawalisha ndege na nyuki pamoja, tena bila gharama.

Wakati wa kuacha, na heshima ya asali

Sasa nafika kwenye lile swali la tatu, ambalo ndilo zito. Ukimpa nyuki maji ya sukari wakati maua yapo, au unapokaribia kuvuna, atayachukua, atayakausha, atayafunika kwa nta katika sega zuri jeupe. Kwa macho utadhani ni asali. Lakini siyo asali. Haina harufu ya mtondo wala ya alizeti, haina kile ambacho mnunuzi amelipia. Ni sukari yake ya dukani iliyobadilishwa sura.

Wako wanaosema, "Nani atajua?" Kweli, mtu wa sokoni hatajua. Majaribio ya kijiti cha kiberiti na ya kudondosha asali katika maji hayawezi kuitambua sukari iliyopitia tumboni mwa nyuki. Lakini maabara hujua. Miwa huunda sukari yake kwa njia tofauti na ile ya miti na maua mengi ambayo nyuki huyatembelea, na tofauti hiyo hubaki ndani ya sukari kama alama ya chapa katika ngozi ya ng'ombe. Wanunuzi wa nchi za nje hupima alama hiyo. Asali ya kikundi humiminwa katika pipa moja, kwa hiyo mtu mmoja mwenye tamaa aweza kuwafanya wenzake ishirini warudishiwe pipa lao.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mara maua yanapoanza kufunguka, acheni kulisha, na mtoe vyombo vyote. Na masega yaliyojengwa au kujazwa wakati wa kulisha, yaandikeni juu ya kiunzi kwa penseli herufi S, yaani sukari. Hayo ni ya nyuki, wayale wenyewe au yabaki kuwa akiba yao. Siku ya kuvuna msiyaguse.

Na siku hiyo ya kuvuna ndipo mfugaji anapoamua kama atahitaji sukari au la. Vuna masega yaliyofunikwa kwa nta tu, yale yenye majana yaache, na kabla ya baridi waachie angalau masega mawili au matatu ya asali. Sega moja lililojaa laweza kufika kilo moja au kuzidi. Ukilitoa na kuliuza, halafu Julai ukanunua sukari, ukachoma kuni, ukatembea jioni tano kwenda manzukini, piga hesabu mwenyewe uone ulichobaki nacho. Na chakula ulichowarudishia si kizuri kama kile ulichowanyang'anya.

Yule mama wa Chala alizisikiliza hesabu hizo akiwa amekaa juu ya mzinga wake mtupu. Hakuniambia kwamba alikosea, wala mimi sikumwambia, maana ada ya mtoto nayo ni njaa ya namna yake. Aliniuliza tu kama nyuki wangeweza kurudi. Tukausafisha mzinga pamoja, tukapaka nta mpya kwenye viunzi. Mizinga yake mitatu iliyobaki ilikuwa myepesi, kwa hiyo jioni ile tulipika maji mazito jikoni kwake na kuilisha yote mitatu. Nilipopita tena mwezi wa Novemba, mzinga ule wa nne ulikuwa umepata wageni. Na juu ya kiunzi kimoja katika mzinga wa pili niliona herufi S, imeandikwa kwa mkaa kwa sababu penseli watoto walikwenda nayo shuleni.

Kwa kifupi

Ndugu wakulima, tukumbushane. Waachie nyuki asali yao kwanza. Wakizidiwa na njaa, pika maji ya sukari nyeupe: mepesi kwa kundi jipya, mazito kwa akiba. Usichemshe sukari motoni. Pika kidogo, weka katika chombo safi kilichofungwa, usichanganye ya zamani na mapya. Lisha jioni, ndani ya mzinga, bila kumwaga. Maua yakianza, acha.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika kijiji chenu, ni miezi gani maua huwa machache kabisa? Andikeni kalenda yenu ya maua.
2. Mwaka huu mliwaachia nyuki masega mangapi? Je, kuna mizinga iliyohamwa, na ilihamwa mwezi gani?
3. Kikundi chenu kitafanya nini ili asali iliyotokana na sukari isiingie katika pipa la pamoja?

Mpaka hapo nimefikia mwisho wa somo la leo. Nawatakia kazi njema, na nyuki wenu wawe na chakula cha kuwavusha baridi. Kwaherini.